Kisima Ndani ya Ua

Kazi ya walii, msimamizi wa bibi harusi, ni fupi: huulizwa kama amekubali, naye hujibu. Dahir alikuwa walii wa Leyla tangu kaka yake, baba wa Leyla, alipofariki, na kwa miaka yote hiyo jukumu hilo halikuwahi kumnyima usingizi. Lilianza kumnyima majira ya baridi yaliyopita, Leyla alipompigia simu kumweleza kwamba amepata mchumba, kwamba mama yake hamtaki, na kwamba posa ikikataliwa ataolewa mbele ya msajili wa serikali na nyumbani harudi. Jioni hiyohiyo Fosia, mama yake Leyla, naye alipiga simu. Alisema mtoto akithubutu kufanya hivyo, yeye hatakuwa na binti tena. Dahir aliwajua wote wawili. Hakuna aliyewahi kutamka neno la namna hiyo kisha akalisahau.

Mchumba aliitwa Idd. Jina hilo alilichagua mwenyewe siku aliyosilimu, ambayo ilikuwa sikukuu, kwa sababu ndilo neno alilokuwa amelisikia msikitini tangu asubuhi. Kabla ya hapo alikuwa Peter. Alitengeneza mashine za kukamulia maziwa katika mashamba yaliyo nje ya Birmingham, na alipanga chumba kwa Jaffar, Mzanzibari mwenye duka la muhogo, nazi na samaki wa barafu. Aliingia dukani humo mara ya kwanza kwa ajili ya muhogo. Kwao huliwa kila siku, naye hakuwa ameuona tangu aondoke. Leyla, ambaye ni mfamasia, alikutana naye siku alipokuja kutafuta dawa ya goti lililopigwa teke na ng'ombe.

Fosia hakuwa na neno juu ya rangi ya kijana, na kuhusu dini Jaffar alikuwa ametoa ushahidi wa kutosha. Kilichomkwaza ni jambo moja ambalo Leyla alilisema bila kufikiri: kwamba Idd alizaliwa katika mji wa walowezi, nchini Paraguay. Leyla alizaliwa Birmingham; kwake mlowezi ni mtu aliyehama. Fosia alizaliwa Wajir na kusomea Nairobi. Kwake mlowezi ni bwana mwenye maelfu ya ekari, aliyepewa ardhi na serikali ya mbali, akaizungushia waya, kisha akawaajiri wenyewe wamchungie ng'ombe.

"Mtu wa aina hiyo simpi mtoto wangu," alimwambia Dahir. "Hata awe anasali Tahajudi kila usiku."

Dahir aliomba muda wa kuulizia. Kwa desturi, familia ya msichana huchunguza kwao mvulana ni akina nani, na hapa Birmingham kazi hiyo huisha kwa simu chache: fulani anamjua fulani aliyesoma na binamu yake. Lakini hakuna fulani aliyemjua mtu wa Paraguay. Mtanzania mmoja wa Winson Green, aliposikia kwamba watu hao ni Wamenoni, alifurahi na kusema anawafahamu sana, ni Wakristo wa kule Musoma, wapole, wana hospitali nzuri. Dahir alimshukuru, ingawa hao hawakuwa wa Paraguay. Kisha akafanya jambo analolijua. Yeye ni mtaalamu wa kupima maji katika maabara, na aligundua kwamba wataalamu wenzake wameandika mengi juu ya Chaco, nyika kavu inayokaliwa na watu hao.

"Najua chumvi iliyomo kwenye maji yao," alimwarifu Fosia. "Sijajua tabia zao."

"Basi waje," alisema Fosia. "Nitazionja mwenyewe."

Ndiyo maana Jumapili moja mchana Dahir alipanda treni kutoka Sutton Coldfield, akashuka New Street, akatembea hadi Moor Street na kupanda nyingine ya Acocks Green, anakoishi Fosia. Njia nzima alipanga jinsi ya kumweleza Leyla endapo mama yake atakataa. Alipofika mlangoni alikuwa bado hajapata sentensi ya kwanza.

Sebule ilikuwa imepigwa deki na kufukizwa uvumba. Leyla alikuwa jikoni na mlango ameurudisha nusu, kama ilivyo adabu na kama ilivyo lazima kwa anayetaka kusikia. Jaffar aliingia kwanza, amevaa koti juu ya kanzu. Nyuma yake aliingia kijana mrefu, shingo imeungua jua, goti moja likikunjika kwa shida.

"Shikamoo, mama," alisema Idd.

Fosia alichelewa kidogo kujibu. "Marahaba," alisema, kisha akamgeukia Dahir kwa Kisomali. "Huyu mzungu anasalimu kama mtoto wa kadhi. Kajifunzia wapi?"

"Kwangu mie," alisema Jaffar, ambaye hakujua Kisomali lakini alijua kusoma nyuso. "Haya, Bibi Fosia, bwana Dahir, tumekuja kwa heri. Mshenga ni mie, msemaji ni mie. Kijana nimemleta kwa sababu mmetaka kumwona, ila nimemwambia mdomo wake leo ni wa kunywea chai tu. Atasema jambo moja. Nimesikia nyinyi Wasomali mnahesabu babu. Idd, hesabu."

Idd alikaa wima. "Mimi ni mwana wa Peter, mwana wa Heinrich, mwana wa Peter, mwana wa Heinrich, mwana wa Peter, mwana wa Johann..." Aliendelea bila kusita, akivuka bahari na kurudi nyuma hadi Urusi, na kutoka Urusi hadi vinamasi vya Prussia.

"Wacha, wacha," alisema Fosia. "Haya majina waligawiwa pamoja na unga wa msaada?"

Jaffar alicheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. Dahir hakucheka, lakini aliona kwamba Fosia amefanya utani, na mtu aliyeamua kukataa hafanyi utani. Aliliweka hilo akilini kama kipimo cha kwanza, ambacho peke yake hakithibitishi kitu.

Jaffar alianza kueleza asili ya watu wa Idd. Alieleza vizuri, alikuwa amemhoji kijana wiki nzima huku wakipanga samaki kwenye jokofu. Walikuwa wakulima nchini Urusi, alisema. Serikali ikawanyang'anya mashamba na kuwafunga wahubiri wao. Waliofanikiwa kutoroka walitoroka na nguo walizovaa. Nchi zilizowataka zilikuwa chache, na iliyowataka haraka ilikuwa Paraguay, ambayo ilikuwa na nyika isiyokuwa na mtu wa kuilima. Wakapandishwa meli ya mtoni, kisha kitreni kilichoishia porini, kisha mikokoteni ya ng'ombe. Wakashushwa kwenye majani na miiba, katika joto la kupasua kichwa. Mwaka ule wa kwanza homa ya matumbo iliua watoto wengi hata mbao za majeneza zikaisha.

"Kwa hiyo ni wakimbizi," alisema Fosia.

"Wakimbizi hasa, Bibi."

"Leyla aliniambia ni walowezi."

"Mtu anaweza kuwa vyote viwili," alisema Dahir.

Fosia alimtazama shemeji yake kama mtu aliyemsikia akitamka jambo ambalo hata yeye alikuwa akilizunguka. Akageuka tena kwa Jaffar. "Walilima nini?"

"Pamba na karanga. Na mtama, Bibi, mtama mwekundu kama wa kwenu Kenya. Ngano ya Urusi walipanda ikanyauka. Muhogo wakafundishwa na watu wa kule. Sasa wanafuga ng'ombe wa maziwa, wana chama cha ushirika na kiwanda cha jibini. Baba yake huyu anakamua ng'ombe mia na zaidi."

"Anakamua au anakamuliwa na vibarua?"

Idd alinyoosha mikono yake miwili na kumwonyesha Fosia viganja, bila kusema neno, kwa kuwa alikatazwa. Sugu zilionekana. Fosia aliziangalia kwa makini ya mnunuzi.

"Sawa," alisema. "Na mvua?"

Hapo Dahir alijibu mwenyewe. Alieleza kwamba mvua ya Chaco si haba, ila hunyesha miezi ya joto na kukoma kabisa miezi mingine. Kwamba chini ya ardhi maji yapo lakini ni ya chumvi, na kwamba hapa na pale, juu ya chumvi hiyo, huelea tabaka jembamba la maji matamu. Ukichimba pembeni yake hatua chache, unapata maji ya chumvi tupu. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda.

"Ni Wajir," alisema Fosia polepole. "Unanisimulia Wajir."

"Inafanana sana," alikiri Dahir.

Fosia aliweka kikombe chini. Dahir alimwona akinyoosha mgongo, na alitambua kwamba mengine yote yalikuwa matembezi, sasa wamefika. Wajir kila kisima kina wenyewe. Mgeni haulizi njia kwanza, huuliza kisima ni cha nani. Baba yake Fosia alikuwa nacho kimoja, kilichochimbwa na babu yake kwa mtarimbo.

"Bwana Jaffar," alisema. "Kijiji chao kinaitwaje?"

"Neubrunn. Maana yake Kisima Kipya."

"Hicho kisima kipya. Walichimba, au walikikuta?"

Kazi ya mshenga ni kumpamba mposaji. Jaffar aliifanya. "Walichimba wenyewe, Bibi. Kwa sururu na ndoo. Walikuta patupu, hapana mtu, hapana..."

"Sivyo," alisema Idd.

Jaffar alimgeukia. "Wewe, tulikubaliana nini?"

"Samahani, baba. Lakini sivyo." Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu na safi, kila neno likiwekwa chini kama yai. "Shuleni kwetu wanafundisha hivyo, kwamba palikuwa patupu. Walichimba visima vingi, vyote vya chumvi. Watu walikuwa wameanza kufa. Bibi yangu alikuwa mtoto mdogo. Alinambia palikuwa na watu, wanaitwa Enlhet, na mzee wao mmoja aliwaonyesha maji. Tayari lilikuwako shimo, limefunikwa kwa magogo. Watu wetu walilipanua wakalijengea matofali. Kisha wakakiita kipya."

Jikoni kitu kilianguka, labda kijiko.

"Hiyo ardhi," aliuliza Fosia, "mlipewa bure?"

"Tulinunua. Kwa kampuni moja ya mjini, kwa bei mbaya sana. Ila kampuni haikuwauliza wale watu. Na sisi hatukuuliza kampuni ilipata wapi."

"Kisima kiko wapi leo?"

"Ndani ya ua wa baba yangu."

"Na wale watu?"

"Ng'ambo ya barabara. Wana ardhi yao sasa, ndogo, yenye hati. Haina maji matamu. Tumewawekea bomba kwenye lango."

Jaffar alikuwa akitazama zulia kama mtu anayetafuta pa kushukia. Fosia hakuwa amemaliza.

"Kiangazi kikikaza, na madimbwi yakakauka, nani hunywa kwanza?"

Dahir aliona wazi majibu mawili yaliyokuwapo, na aliona kwamba hakuna mtu katika chumba kile, wala Birmingham yote, ambaye angeweza kuthibitisha lolote kati yao.

"Ng'ombe," alisema Idd. "Kiwanda kinataka maziwa kila siku. Lango hufungwa mpaka pampu imalize zamu ya ng'ombe. Nilimwambia baba tugeuze. Alisema maziwa ndiyo yanayolipia pampu. Nikashindwa kumjibu, na sikufanya kitu kingine. Nilikuja huku."

Fosia alisimama, akaingia jikoni, akafunga mlango kabisa.

"Umetuchinja," Jaffar alimnong'oneza Idd. "Wallahi umetuchinja. Mtu anaulizwa maji anasema ng'ombe! Ungesema wazee, ungesema watoto, ungesema hata wajawazito!"

"Si kweli."

"Nani atakwenda Paraguay kuangalia?"

Dahir aliwaacha wabishane. Aliyapima yaliyotokea kwa utaratibu. Fosia alikuwa ameogopa kwamba watu wa Idd walizungushia ua kisima cha wengine, na sasa amehakikishiwa kwamba ndivyo. Kwa ushahidi uliopo jibu lilikuwa hapana, na jibu hilo litatamkwa na yeye. Kupitia ukutani alisikia sauti za mama na binti, za chini, bila kuweza kutenganisha maneno. Alijiandaa kwa kilio au mlango wa nje kubamizwa. Vyote havikuja. Kilichokuja ni mlio wa birika kuwekwa tena jikoni.

Fosia alirudi, akaketi mahali pake.

"Baba yangu alikuwa na kisima," alisema, akimwambia Idd moja kwa moja, kana kwamba mshenga ametoka chumbani. "Mfanyabiashara mmoja alikuja na karatasi. Akakizungushia ukuta. Alikuwa jirani yetu miaka mingi, alisali nyuma ya baba yangu, alikuja hata mazishini kwake. Na mpaka alipokufa, ukimuuliza, alisema alikuta shimo kavu. Watoto wake wanasema hivyo hata leo. Sikuwahi kulilia maji. Nililia vile alivyokuwa anatutazama machoni akisema." Alimwelekezea Jaffar kidole. "Wewe ungeweza kusema palikuwa patupu. Huyu hapa alishakusemea."

"Ndiyo, mama."

"Basi wewe naweza kukujua. Mtu anayesema uongo mzuri hata ukikaa naye miaka kumi humjui."

Akamgeukia shemeji yake. "Dahir, mimi sina neno."

Dahir alihisi mabega yake yakishuka, na ndipo alipofahamu kwamba yalikuwa juu tangu majira ya baridi. Aliuliza, kwa kuwa ni mtu wa kuhakikisha, "Una maana umeridhia?"

"Nimesema nini? Niandike ukutani?"

"Alhamdulillahi!" alisema Jaffar, na kujifuta jasho kwa ukingo wa kanzu. "Bibi Fosia, umetutoa roho ukaturudishia. Sasa mahari, kabla hamjabadilika."

Mlango wa jikoni ulifunguka. Leyla alisimama pale na sinia la chai, na alizungumza kwa Kiingereza, kama anavyozungumza daima anapotaka kueleweka bila mjadala. Alisema mahari ni yake, kwa hiyo atayataja mwenyewe. Aliuliza kama ng'ambo ya ile barabara kuna jengo lenye paa la bati.

"Ipo shule," alisema Idd. "Kubwa. Paa zuri, lakini halina mifereji. Mvua yote inamwagika chini."

Leyla alisema hayo ndiyo mahari yake: mifereji na tangi.

"Mifereji?" Jaffar alimtazama Dahir kuomba msaada. "Nimeshenga watu wengi hapa Birmingham. Nimetaja dhahabu, nimetaja Umra, mmoja alitaka gari. Mifereji ya bati sijapata kuitaja. Nitawaambia nini watu msikitini?"

"Waambie msichana anatoka Wajir," alisema Fosia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka hasa, mkono kifuani.

Dahir alikuwa akifikiri. "Kisheria ni safi," alisema. "Mahari ni mali ya mke peke yake. Mume hana sauti juu yake, na baba mkwe hana kabisa. Wenye shule wakiridhia lijengwe kwao, tangi litakuwa la Leyla, na Leyla atamruhusu amtakaye. Zaidi ya hayo halihitaji pampu wala kisima. Paa lina ukubwa gani?"

"Kama mita za mraba mia tatu."

"Kwa mvua ya kule, hizo ni zaidi ya lita laki mbili kwa mwaka, hata ukitoa zinazopotea."

"Dahir," alisema Fosia. "Chai."

Idd alisema ataomba likizo mwezi wa saba, kabla mvua hazijaanza, na ataifanya kazi hiyo kwa mkono wake pamoja na kaka yake, ambaye hulehemu vizuri. Alitaka kumpigia baba yake simu jioni ileile. Hakuahidi kwamba zamu ya pampu itageuzwa. Alisema tu kwamba tangi likijaa, lango halitakuwa na nguvu kama ya sasa. Dahir aliona jibu hilo limepimwa sawasawa. Fosia aliuliza kama baba huyo naye anaitwa Peter, akaambiwa ndiyo, akasema basi hatapata taabu kumkumbuka.

Chai ilikuwa imepoa. Fosia aliionja, akamtazama binti yake. "Ulikuwa unapika au unasikiliza?"

Leyla alisema vyote viwili, na akaketi karibu na mama yake, si mkabala naye kama alivyokaa miezi yote ile. Fosia alimwondolea uzi uliokuwa umenasa begani.

Kisha Jaffar alirekebisha kofia, akakohoa, na kuuliza kwa sauti ya kazi yake, "Bwana Dahir, wewe ndiye walii. Umekubali?"

"Nimekubali," alisema Dahir.

Alirudi kwa njia aliyojia. Alikusudia kutumia safari kukadiria kipenyo cha mabomba na unene wa kuta za tangi, na alitoa kalamu treni ilipoanza kuondoka New Street. Kondakta alimwamsha Lichfield, mwisho wa reli, vituo kadhaa mbele ya Sutton Coldfield. Kalamu ilikuwa imeanguka chini ya kiti. Dahir aliiokota, akaomba radhi, akavuka daraja kusubiri treni ya kurudi. Palikuwa na baridi na benchi lilikuwa la chuma, lakini alipoketi alijikuta tena akisinzia.